Rudisheni Rangi

Kuna sheria ambayo hakuna mbunge aliyeipitisha lakini kila mwenye simu Nairobi anaifuata: jambo likiwa zito, litoe rangi. Msee akifariki, picha aliyopigwa akicheka kwenye sherehe inageuzwa nyeusi na nyeupe kabla hata mwili haujafika mochari. Mzee wa miaka tisini akipatikana ameketi nje ya nyumba yake, rangi zinatolewa ili makunyanzi yaongee. Mtoto Turkana amebeba mtungi wa maji? Toa rangi. Kijana amepigwa na polisi pale Moi Avenue? Toa rangi haraka, andika maneno mawili ya huzuni, posti. Ukiuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Si inakaa na uzito, manze."

Mimi nasema itoshe sasa. Sina ugomvi na picha zote za nyeusi na nyeupe; nyingine ni kazi za mikono iliyojua inachofanya, na nitazifikia. Ugomvi wangu ni na ile imani kwamba kijivu ndiyo sura ya ukweli, ati rangi ni mapambo tu na ukiyavua unabaki na kiini. Ukivua rangi unabaki na picha nyingine kabisa, iliyofanyiwa maamuzi na mtu mwingine, mara nyingi injinia ambaye hajawahi kukanyaga Kayole. Na katika nchi hii, miaka hii, maamuzi hayo yanatugharimu.

Hebu tuangalie kinachotokea ukibonyeza. Kila nukta ya picha kwenye simu yako ina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Kutoa rangi maana yake ni kuzigeuza namba hizo tatu kuwa namba moja. Hapo ndipo mchezo ulipo, kwa sababu hakuna njia moja ya kuzigeuza. Fomula maarufu, tuliyoirithi kutoka enzi za televisheni, inachukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, kwa vile jicho la binadamu linahisi kijani kuliko hizo nyingine. Kuna fomula nyingine zenye mizani tofauti. GIMP, ile programu ya bure, inakupa orodha uchague mwenyewe. Ile amri ya mkato ya Photoshop haijali jicho hata kidogo: inachukua namba kubwa na namba ndogo, inazijumlisha, inagawanya kwa mbili, kwisha. Kwa amri hiyo nyekundu kali, kijani kali na buluu kali zote zinatoka kijivu kimoja.

Sasa chukua bendera ya Kenya. Tuseme nyekundu yake kwenye skrini ni 187, bila kijani wala buluu ndani yake, na kijani chake ni 102, bila nyekundu wala buluu. Piga hesabu kwa ile fomula maarufu. Asilimia 30 ya 187 ni 56. Asilimia 59 ya 102 ni 60. Katika ngazi ya 0 hadi 255, 56 na 60 ni majirani wa ukuta mmoja. Weka bendera hiyo mgongoni mwa kijana anayekimbia, weka moshi kidogo, halafu niambie ukanda wa katikati una tofauti gani na ule wa chini.

Tangu shule ya msingi tunaimbishwa maana ya rangi hizo: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu iliyomwagika kupigania uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Filta yako imechukua damu na ardhi, vitu viwili ambavyo historia yote ya nchi hii imevizunguka, ikavifanya kijivu kimoja. Hesabu yenyewe haina siasa. Matokeo yake yanayo.

Mtu atasema mimi nashikilia kitambaa. Sawa, tuache kitambaa, twende kwenye ngozi.

Chukua kahawia ya kawaida ya uso wa mtu wetu: nyekundu 141, kijani 85, buluu 36. Kwa fomula ya televisheni, uso huo unakuwa kijivu cha 96. Kwa mkato wa Photoshop, kama 88. Ukiamua kutumia namba ya nyekundu peke yake, uso unapanda hadi 141, mweupe na laini, chunusi zimepotea. Ukitumia ya buluu peke yake, unashuka hadi 36, mweusi tii, kila kovu na kila tundu la jasho limejitokeza. Ni mtu yule yule, mwanga ule ule, sekunde ile ile. Kati ya 36 na 141 kuna watu wangapi? Na ni nani kati yao ndiye "ukweli mtupu" uliokuwa ukiutafuta?

Programu kubwa zinalijua jambo hili, ndiyo maana zikaweka slaida. Photoshop iliongeza chombo maalumu cha nyeusi na nyeupe mwaka 2007, chenye slaida ya kila kundi la rangi. Lightroom inayo. Snapseed, ambayo nusu ya wapigapicha wa simu hapa Tao wanaishi nayo, ina filta za rangi ndani ya sehemu yake ya nyeusi na nyeupe. Sogeza slaida ya nyekundu na ya machungwa juu, uso wa Mwafrika unang'aa. Hiyo ni mkorogo. Mkorogo wa dijitali, hauna harufu na hauchomi, na anayepakwa hakuulizwa. Sogeza chini, na yule mzee wa miaka tisini anageuzwa kinyago cha mpingo cha kupelekewa watalii. Wengi hawasogezi popote. Wanabonyeza mara moja na kuchukua kile programu ilichoamua, uso unatoka kama tope, halafu wanaongeza weusi na weupe hadi yabaki macho na meno. Kisha wanaiita sanaa.

Na tabia hii ina babu. Sahani na filamu za mwanzo za kupigia picha zilikuwa haziuoni wekundu. Ziliona buluu vizuri, nyekundu zikaiona giza. Ngozi ya kahawia imejaa wekundu, kwa hiyo ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na sura nyingi za Waafrika zilizopelekwa Ulaya miaka ile zilipita kwenye kemikali hizo. Yule "Mwafrika mweusi tititi" wa kadi za posta alitengenezwa kwa nusu na jua na kwa nusu na kemia. Leo tuna kamera inayoona kila kitu, na kwa hiari yetu tunairudisha kwenye upofu wa kemikali za mkoloni. Ukisogeza ile slaida hadi mwisho wa kushoto, jua ni shati la nani unalovaa.

Hapa mtu aliyesoma kidogo ataniambia, ngoja kwanza, si rangi ndiyo iliyotubagua? Ana haki ya kuuliza. Kwa miongo kadhaa maabara za kuosha picha zilipima rangi zao kwa kadi zilizokuja kuitwa za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Sisi tukitoka kama vivuli vyenye meno, shauri yetu. Kodak walianza kuboresha namna filamu inavyoona kahawia na weusi baada ya malalamiko, na malalamiko yenyewe yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Kwa hiyo mpigapicha wa Kiafrika aliyekimbilia nyeusi na nyeupe enzi zile alikuwa na sababu nzuri kabisa.

Lakini sababu hiyo ilikuwa ya enzi ile. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakijigamba kwamba kamera yake imefundishwa kuona ngozi nyeusi ilivyo. Usiamini matangazo ya kampuni, amini macho yako: simu ya leo inamwona mama yako vizuri kuliko kamera ya bei mbaya ya 1975. Tumepigania rangi ituone. Sasa imetuona, nasi tunaizima.

Twende barabarani sasa, kwa sababu huko ndiko hasira yangu ilikoanzia.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Watu walipigwa risasi, wakafa. Kesho yake Rais akasema hautii sahihi. Siku ile ilipigwa picha nyingi mno na wenye kamera na wenye simu, na karibu zote zilizaliwa na rangi, kwa sababu simu haijui kuona vingine. Baada ya siku chache nikaanza kuziona zikirudi kijivu. Wengine waliweka na chembechembe za filamu ya zamani juu, ndio ikolee.

Mwaka jana nilienda kuangalia maonyesho ya picha za maandamano hapa Nairobi. Ukuta mzima ulikuwa kijivu. Kando yangu alisimama msichana wa sare, pengine wa kidato cha pili, na kundi lao la shule. Akamgeukia mwalimu wake: "Mwalimu, hizi ni za Saba Saba ya Moi?" Mwalimu akainama, akasoma kibandiko, akasema, "La, hizi ni za juzi tu." Msichana akaangalia tena ukuta, nikaona anatafuta kitu cha kumwonyesha kwamba ni juzi. Hakukiona. Rangi ya hudi, ya raba, ya kifuniko cha simu, ya matatu iliyosimama nyuma: vyote vilikuwa vimefutwa, na hivyo ndivyo vinavyosema juzi.

Hilo ndilo kosa lenyewe. Kijivu kinasafirisha. Kinamchukua kijana wa 2024 kinampeleka 1990, kinamweka kwenye foleni moja na watu wa 1952, na tunapiga makofi kwa vile sasa anafanana na historia. Lakini historia ni mahali pa watu waliokwisha. Ukiona picha ya kizuizi cha enzi ya hali ya hatari, huulizi ni askari gani aliyeshika ile bunduki na analala wapi leo. Unasikitika, unageuza ukurasa. Familia za waliouawa juzi hazihitaji kusikitikiwa hivyo. Bado zinatafuta haki, na mtu anayetafuta haki anahitaji jambo lake libaki juzi. Mwenye kutaka lisahaulike ndiye anayependa lizeeke mapema. Usimfanyie kazi bure.

Halafu kuna damu. Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alitengeneza filamu ya Psycho kwa nyeusi na nyeupe, na kwenye ile sehemu maarufu ya bafuni damu inayotiririka ni sosi ya chokoleti. Ilipita, kwa sababu kwenye kijivu damu na chokoleti ni ndugu. Hitchcock alikuwa anajua vizuri kwamba damu hiyo kwa rangi ingewazidi watazamaji nguvu. Mtu aliyeishi kwa kutisha watu alichagua kijivu ili apunguze makali. Sisi tunakitumia tukidhani tunayaongeza.

Angalia tena picha ya lami ya Nairobi iliyotolewa rangi. Lile doa jeusi kando ya kiatu kilichobaki ni nini? Maji? Oili ya matatu? Kwa rangi hakuna swali. Kwa kijivu hata wakili wa kituo cha polisi anaweza kukuambia oili, na wewe uliyekuwapo huna cha kumjibu, kwa sababu jibu ulilifuta mwenyewe ukitafuta uzito.

Wenye mamlaka wanajua rangi ni ushahidi kuliko sisi. Mei 2011, wapinzani walipokuwa wakiandamana Kampala, polisi wa Uganda waliwamwagia maji ya rangi ya waridi. Afrika Kusini walikuwa wameshafanya hivyo: tarehe 2 Septemba 1989, Cape Town, polisi wa makaburu walirushia waandamanaji maji ya zambarau ili wawatambue na kuwakamata baadaye. Mwandamanaji mmoja akapanda juu ya gari lile, akageuza mdomo wa bomba, zambarau ikawarudia wenyewe na ikapaka hadi ofisi za chama tawala. Mji ukaamka na maandishi ukutani: zambarau itatawala. Sasa chukua picha za siku hizo uzitoe rangi. Umebaki na watu waliolowa. Hakuna waridi, hakuna zambarau, hakuna mzaha wala ushindi, na yule polisi hana alichofanya isipokuwa kunyesha mvua.

Mtaniambia kanuni zinaruhusu. Kweli. Shirika la habari la AP linahesabu kugeuza picha kuwa kijivu kati ya marekebisho madogo yanayokubalika, na shindano la World Press Photo pia linakubali. Ukifuta kopo la soda pembeni ya picha unafukuzwa, ukifuta rangi zote duniani unapewa tuzo. Sielewi mantiki hiyo na sitaki kuizoea. Kanuni zile ziliandikwa na vizazi vilivyolelewa na magazeti ya kijivu, ambao kwao rangi ndiyo iliyokuwa mgeni. Kwetu sisi tuliozaliwa na simu mkononi, mgeni ni kijivu, na mgeni huulizwa anatoka wapi.

Na huyu mgeni anachagua nyumba za kuingia. Hapo ndipo utajua kuna jambo. Picha za kokteli juu ya ghorofa Westlands zina rangi zote. Harusi ya Karen ina rangi, labda ipenyezwe picha moja ya kijivu ya bibi harusi dirishani. Vuka ng'ambo uingie Kibera na mpigapicha yule yule, ghafla dunia imeishiwa na rangi. Mmaasai akiwa anauza safari, shuka ni jekundu la kuwaka; akilia ukame, shuka linageuka kijivu. Yaani rangi ni ya wenye furaha na wenye pesa. Maskini wanapewa vivuli na heshima, na heshima hailipi kodi ya nyumba.

Lakini nani aliwaambia maskini hawana rangi? Mabati ya Kibera yana kutu ya machungwa ambayo ukiiona saa kumi na mbili jioni unasimama. Nganya ya Rongai ina michoro ambayo vijana wamelala macho wiki nzima wakiipaka. Nenda Gikomba uone marundo ya mitumba, kila gunia limepasuka kama fataki. Nenda Mombasa, mwambie bibi aliyejifunga leso ya kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, leso inayokwenda na harusi tangu enzi za mababu, mwambie utamtoa nyekundu ndio aonekane na uzito. Atakuangalia hivi, atakuuliza kama umekula.

Mama mboga aliamka asubuhi akachagua kitambaa cha kichwa cha manjano. Hakina gharama, lakini ni uamuzi, na pengine ndio uamuzi pekee wa siku ile ambao hakupangiwa na bei ya nyanya. Wewe ukaja na kamera, ukamwomba kwa adabu, "Mama, naomba nikupige moja," akanyoosha kitambaa chake vizuri, akasimama wima. Kisha ukaenda nyumbani ukakifuta. Alikuwa anakupa nini alipokinyoosha?

Najua majina mtakayonitajia. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948. Malick Sidibé, Bamako hiyo hiyo, aliyepewa Simba wa Dhahabu kule Venice mwaka 2007. Sawa, nawavulia kofia. Lakini hawakwenda dukani wakakuta rangi na kijivu vimepangwa bei moja wakachagua kijivu kwa ajili ya hisia. Walipiga kwa filamu waliyoweza kuinunua na kuiosha wenyewe, wakaijua hadi mwisho, wakaifanya iimbe. Kuwaiga kwa kubonyeza ni kama kuiga chapati za nyanya yako kwa kununua jiko lake bovu.

Tena kumbukeni wateja wao na wa studio za huku kwetu walitaka nini. Katika zama za kijivu, studio nyingi duniani ziliweka fundi wa brashi ndogo wa kupaka picha rangi kwa mkono: mashavu kidogo, midomo, gauni. Watu walilipa zaidi kwa hiyo. Mghana James Barnor alienda Uingereza akajifunza kazi ya rangi, akarudi nyumbani akasaidia kuanzisha maabara ya kwanza ya kuosha picha za rangi Accra, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alibeba ujuzi huo kuvuka bahari kwa sababu watu waliutaka. Wazee wetu walilipia rangi kwa pesa na kwa safari. Sisi tunazitupa kwa kidole gumba.

Wengine watanitajia Sebastião Salgado. Yeye alishika njia ya nyeusi na nyeupe miaka mingi, hata alipohamia kamera za dijitali, na alikuwa ameshaamua kabla hajainua kamera: alitafuta mwanga, umbo na kivuli kwa jicho lililoondoa rangi tayari. Hata hivyo alishutumiwa kwa kupamba mateso ya watu, na shutuma hizo hazijaisha. Kama bwana yule aliulizwa, wewe wa filta ya sekunde moja unaachwaje? Na huku kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Mohamed Amin, mtoto wa Nairobi, alipopiga video ya njaa kule Korem, Ethiopia, ikaonyeshwa na BBC Oktoba 1984, dunia ilisimama. Ilikuwa ya rangi. Yale mablanketi, ile alfajiri ya baridi, ile ardhi. Hakuna aliyesema haina uzito.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu kuliko zote. Baada ya maandamano, polisi wanapekua picha. Yule wa hudi nyekundu, yule wa kofia ya kijani: rangi inaweza kumkamatisha mtu. Je, kijivu si kinamlinda? Kinamlinda kidogo mno. Uso ulioko kwenye kijivu ni uso bado, mama yake anamtambua, na jirani mwenye kinyongo pia. Ukitaka kumlinda mtu, ficha uso, kata picha, au usiposti kabisa. Na faili lenyewe lifungie mahali salama likiwa na rangi zake zote, kwa maana siku ya kesi itakuja na hudi ile ile nyekundu inaweza kumtoa, ikaonyesha kwamba alikuwa upande huu wa barabara wakati risasi inatoka upande ule.

Basi nataka nini? Nataka vitu ambavyo havigharimu hata bando. Picha ya tukio, hasa yenye polisi, damu au bendera ndani yake, ibaki na rangi. Usiiguse. Ukiamua kutoa rangi kwenye picha nyingine, hifadhi ya asili, na andika chini yake kwamba ilipigwa kwa rangi ikageuzwa. Maneno manne tu. Ukigeuza sura ya mtu, shika slaida wewe mwenyewe, uijue, na uweke picha ya asili kando uone kama huyo bado ni yeye au umempaka mkorogo. Ikiwezekana mwonyeshe. Wahariri wa majarida na waandaaji wa maonyesho, pamoja na hili tunaloandikia, wakiletewa ukuta wa kijivu waulize swali moja: rangi ilikosa nini? Kama mpigapicha ana jibu, kwamba taa za jukwaani zilimwaga zambarau ya uongo juu ya kila kitu, au picha yenyewe ni ya vivuli tangu mwanzo, vizuri, itundikwe. Kama jibu ni "inakaa na uzito," arudi nayo nyumbani.

Na wafu wetu tuwaache na nguo zao. Yule jamaa alivaa shati la manjano siku ile kwa sababu alilipenda, au alikuwa ametoka kulinunua, au kuna mtu alimwambia linampendeza. Kulifanya kijivu hakumfanyi awe amekufa zaidi, wala hakutufanyi tuwe na huzuni zaidi. Kunamfanya afanane na wafu wengine wote.

Rangi zitaondoka zenyewe. Toa albamu ya nyumbani, ile ya miaka ya themanini yenye nailoni juu, uone jinsi kijani kilivyokimbia na kila mtu akabaki na wekundu wa udongo wa Thika. Jua linafanya kazi hiyo, na unyevu, na miaka. Wakati una haki ya kuchujua picha zetu, na utaitumia. Tusiuharakishie.